Nyumba Yenye Simenti Mpya

Jumapili, 2 Februari

Daftari hili nililinunua kwa hesabu za kibanda changu cha kunyolea. Hesabu zilikwisha kwenye ukurasa wa kwanza. Kurasa zilizobaki naipa nyumba.

Huguette, mke wangu, amepiga simu kutoka Dilolo baada ya misa. Yule mwenye duka karibu na stesheni, duka tunalotaka kulinunua, amekubali kumngoja mpaka Pasaka. Pasaka ikipita, duka pamoja na vyumba vyake vya nyuma vinakwenda kwa mtu wa Angola ambaye, kwa maneno ya Huguette, "iko na pesa na hana haya." Kwa hiyo nyumba ya marehemu baba, ile ninayopangisha, lazima iuzwe kabla.

Mke wangu yuko kule tangu mwaka jana na samaki wake wa chumvi. Mimi niko hapa Kolwezi na wembe. Ndoa yetu inaishi ndani ya simu, na simu yenyewe imefungwa kwa mpira ili betri isitoke.

3 Februari

Nimeizunguka nyumba nikijifanya mnunuzi. Nilipomaliza mzunguko mmoja nilikuwa nimekataa kuinunua.

Mabati ya upande wa barabara yameoza. Ukuta wa chumba cha kulala una ufa. Kila mchana baruti ya mgodi inapolia ng'ambo ya kilima, ufa unateremka kidogo, bila haraka, kama mtu anayejua atafika. Sakafu ya sebule imebambuka, kuku anaweza kutaga humo. Mlango wa choo unafungwa kwa kamba. Na mimi nina uwezo wa kutengeneza kitu kimoja tu.

Mpangaji wangu ni Mama Mbombo, mjane, anashona sare za shule pale sebuleni. Amekaa humo miaka mingi kiasi kwamba wageni wa avenyu humsalimia yeye kama mwenye nyumba, na mimi kama mtu aliyekuja kukopa. Alinifuata akiwa na futi yake shingoni, akanyoosha kidole kwenye mabati.

"Tata Tharcisse, tengeneza manjanja. Mvua inanyesha kwanza juu ya mashine yangu, kisha njo inanyesha inje."

"Mama, munuzi hatapanda juu ya nyumba."

"Munuzi atapita. Mi njo niko chini yake."

Mtu wa kulalamika. Ningekuwa mimi ndiye mvua, ningehama.

5 Februari

Mvua.

6 Februari

Stany amekuja kunyolewa. Kazi yake ni kuuzia watu nyumba ambazo si zake, na hula pande zote mbili. Nikamuuliza, kati ya mabati, ukuta, sakafu na choo, nianze na nini.

"Vye, mutu anaingia mu nyumba na miguu," akasema, kichwa kikiwa mikononi mwangu; Vye ni mzee, ndivyo anavyoniita. "Haingie na kichwa. Tengeneza chini."

Maneno yenye akili. Nikamnyoa bure, jambo ambalo sasa, nikisoma tena mwezi Machi, naliona kama kosa la pili.

12 Februari

Fundi Josias amemaliza sakafu. Laini kama sahani, rangi ya majivu, unaona kivuli chako ndani yake. Josias alikataa kuondoka, akawa anaiangalia kwa kuinamisha kichwa huku na huku kama mtu anayepiga picha ya harusi. Mama Mbombo akarudishiwa mashine yake.

"Ni muzuri," akasema. "Sasa mayi ya mvua iko na fasi ya muzuri ya kuanguka."

Jumapili, 16 Februari

Wanunuzi wa kwanza: mume, mke, na Stany mbele yao akifungua milango kana kwamba ameizaa nyumba. Ufa hawakuuangalia. Mabati hawakuyatazama. Nikasema moyoni, Stany ana akili kweli.

Halafu mume akasimama katikati ya sebule. Akapiga sakafu kwa kisigino. Akasogea hatua moja, akapiga tena, kichwa upande, kama daktari kwenye mgongo wa mgonjwa. Akamtazama mkewe. Mke akakumbatia mkoba wake.

"Tata," mume akaniambia kwa upole sana, "na shimo, mulilijaza na nini?"

"Shimo gani?"

"Ah, Tata. Tuko bote bantu ya Kolwezi."

Wakaaga vizuri, wakaondoka wakipita kandokando ya ukuta, mmoja nyuma ya mwingine, kama watu wanaovuka daraja bovu.

Naandika hapa kwa mkono wangu ili nisisahau ujinga wangu. Katika mji huu kuna watu wamechimba sebule zao, vyumba vyao, hata chini ya kitanda cha mama mkwe akiwa amekilalia, wakitafuta madini. Serikali ilikataza. Watu walisikia vizuri, na ndiyo sababu mtu akimaliza kuchimba anajaza shimo takataka na magunia, anafunika kwa simenti safi, halafu anauza. Nyumba kuukuu yenye sakafu mpya si nyumba iliyotengenezwa. Ni sufuria yenye mfuniko. Kila mtu anajua. Mimi pia najua! Nanyoa wachimbaji kila siku, vumbi lao limeua mashine zangu mbili za umeme. Lakini nyumba ya mtu mwingine unaiona kwa macho, na ya kwako unaiona kwa moyo.

Nikamshika Stany kwenye kona. Mbona hakuniambia?

"Mi nilijua vile bataona," akasema. "Nikasema, Vye Tharcisse iko na sababu yake." Halafu akashusha sauti. "Unielezee mi peke. Iko murefu namna gani?"

20 Februari

Mvua. Beseni la Mama Mbombo linajaa mara mbili kabla ya saa sita.

23 Februari

Wengine wawili. Bibi mmoja alipiga magoti akaweka sikio kwenye simenti. Aliposimama alisema anasikia maji. Ni kweli maji yalikuwepo: yalikuwa yakitoka juu.

26 Februari

Tata Tshiamala, jirani wa nyumba ya baba, ukuta kwa ukuta, na chef wa avenyu yetu, yaani mkuu wa mtaa, hakunisalimia leo. Jioni akanisalimia, na hiyo ikawa mbaya zaidi.

"Tharcisse, tuko hapa tangu tuko batoto. Unachimba pembeni ya nyumba yangu, hata neno moja?"

Nikaapa. Akatikisa kichwa kama padri anayesikia maungamo mafupi mno.

1 Machi

Nilianza kushuku kwamba Mama Mbombo ndiye anayeniharibia. Akikosa nyumba hii hana pa kwenda. Nyumba isipouzwa, yeye anabaki. Hesabu rahisi. Kwa hiyo leo Stany alipoleta mtu mwingine, mimi nilibaki nje chini ya dirisha, nikijifanya nang'oa majani.

Mtu akamuuliza: Mama, hapa kuna shimo?

"Hakuna," akajibu. "Mi nakaa humu kila siku. Hakuna shimo, ni nyumba ya muzuri, inapenda tu manjanja."

Kumbe alikuwa ananitetea. Shida ni kwamba alikuwa na pini katikati ya midomo, hakuinua macho kwenye kitambaa, na sauti ikatoka kama ya mtu aliyekatazwa kusema. Mnunuzi alimhurumia sana, akaondoka.

Nimeacha kung'oa majani. Sehemu moja ilikuwa mboga yake.

4 Machi

Mvua. Huguette anauliza. Ninasema "karibu".

8 Machi

Leo nimepata mnunuzi anayeitaka sakafu.

Anaitwa Ezéchiel, mchimbaji, kijana wa upande wa Kindu, huwa namnyoa. Alikuja na wenzake, wakavua viatu mlangoni, jambo ambalo hakuna mnunuzi mwingine aliyelifanya. Wakachuchumaa kuizunguka simenti yangu kama watu wanaoota moto.

"Tata, tulisikia," akasema Ezéchiel.

"Mulisikia nini?"

"Ile yenye bantu banasema."

"Bantu banasema uongo."

Akatabasamu. Kila muuzaji anasema hivyo, nikaelewa. Ndivyo bei inavyopanda. "Tata, sisi hatuna kazi na manjanja. Hatuna kazi na ukuta. Usitengeneze kitu tena. Tunanunua hivi iko, na tunalipa yote siku moja."

Akataja kiasi. Sitakiandika, nikikiandika nitakuwa nakifungua kukiangalia. Kilitosha duka la Dilolo na kubaki.

Hapa nieleze jambo moja. Sikuwa na haja ya kusema uongo. Nilikwisha kusema ukweli, na ukweli umekataliwa. Kilichobaki ni kunyamaza tu, na kunyamaza ni kazi ninayoifanya vizuri. Kinyozi asiyejua kunyamaza hufunga kibanda.

Lakini nawajua vijana hawa. Wasipokuta kitu chini ya sebule, hawatarudi nyumbani kulala. Watafuata pembeni, wakitafuta huo mshipa ambao haupo, na pembeni ni kwa Tata Tshiamala, ambaye kitanda chake kinagusa ukuta wetu.

Nikawaambia warudi baada ya wiki mbili. Wakavaa viatu. Ezéchiel akanishika mkono kwa mikono miwili. Mtoto mwenye adabu. Hilo ndilo linalochosha.

Jumapili, 9 Machi

Nimemweleza Huguette yote.

"Ule mutu wa Angola alikuja tena jana," akasema. "Alipima mulango."

"Basi niuze kwa ba creuseur, hawa bachimbaji?"

"Mi niko Dilolo. Weye njo utapita mbele ya Tshiamala ukienda na balizi yako ya nguo."

Nikamwambia hilo si jibu. Akasema ndiyo, si jibu.

11 Machi

Mvua. Ufa umefika dirishani.

13 Machi

Mvua. Nimemkata mteja sikio. Kidogo.

15 Machi

Nimemkuta Mama Mbombo amehamisha mashine kutoka kwenye kona yake, ameiweka katikati kabisa ya sebule, na yeye juu ya kiti, na miguu yake miwili juu ya simenti.

"Mama, ni nini hii?"

"Hapa mayi hainifikie." Akakanyaga mashine kidogo. "Na mutu mwenye kutaka kuchimba, aanzie chini ya mama mukubwa."

Basi alikuwa amesikia. Nikakaa mlangoni. Nikamweleza Dilolo, duka, yule wa Angola na mlango aliopima. Sijui kwa nini nilimweleza. Ni kazi yangu watu kunieleza mimi. Alisikiliza bila kuacha kushona, na mara hii pini zilikuwa kwenye mto wake.

"Bibi yako anakungoja," akasema.

"Ananingoja."

"Na hii nyumba haina shimo."

"Haina."

"Basi vunja."

"Nivunje nini?"

"Simenti. Tata, muteja akisema kitambaa ya ndani ya koti ni mubovu, mi nitaapa mpaka wapi? Nafumua mushono mbele ya macho yake. Anaangalia. Nashona tena. Weye ulishona mudomo ya nyumba kabla bantu baone. Fumua."

"Ni simenti mupya, Mama!"

"Mupya njo ugonjwa yake."

Nikamwambia nikivunja, Ezéchiel anaondoka, na hakuna aliyesema wengine watarudi. Nitabaki na nyumba mbovu yenye sakafu mbovu, na Pasaka inakuja.

"Kweli," akasema. Halafu akauma uzi.

17 Machi

Nimekwenda kwa Josias kumwomba avunje sakafu aliyoimwaga. Akakaa chini. "Njo kazi yangu ya muzuri ya hii mwaka," akasema. Kisha akasimama: "Lakini nitavunja mi mwenyewe. Mutu mwingine ataharibu."

Jumapili, 23 Machi

Nilimwomba Tata Tshiamala awe shahidi, naye akamwambia mkewe, kwa hiyo baada ya misa na baada ya ibada za Waprotestanti avenyu nzima ilikuwa kiwanjani. Wengine walileta viti. Ezéchiel na wenzake walisimama dirishani, niliwaita mwenyewe. Stany alikuwa ameshaanza kuwaeleza watu historia ya nyumba.

Nikasema maneno machache: kwamba wanasema nina shimo, na mimi nimechoka kusema sina. Tata Tshiamala achague mahali.

Alichagua kwa muda mrefu. Alipiga kisigino hapa, akapiga pale, mwisho akaweka fimbo yake katikati. Josias akatema mate viganjani, akapiga. Simenti ikakataa. Akapiga tena, ikakataa, naye akageukia watu huku jasho likimtoka, uso umejaa furaha: "Munaona? Munaona vile iko nguvu?"

"Vunja, fundi!" mtu akapiga kelele. "Hatukuje ku concours ya mafundi!"

Ikapasuka. Chini yake sakafu ya zamani ya baba, nyekundu, yenye nyufa nilizozijua utotoni. Watu wakasogea. Josias akaendelea. Chini ya ile nyekundu, vipande vya matofali. Chini ya matofali, udongo ulioshikana, ambao haujaguswa tangu nyumba isimame. Alichimba mpaka magotini, na kila pigo la sururu lilitoa sauti ileile butu ya ardhi iliyojaa.

Nusu ya watu nadhani walisikitika. Walikuja kuona shimo, wakaonyeshwa ardhi, kitu walichonacho wote nyumbani.

Ezéchiel aliruka dirisha. Akashuka ndani, akachukua udongo, akausugua kiganjani, akautemea mate, akauangalia kwenye mwanga. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Tata! Hii ni udongo ya kulima maharagi!"

Tata Tshiamala akanyoosha mkono ili nimvute kutoka ukingoni, na hakuuachia mara moja. "Tharcisse," akasema, "ungenielezea." Nilikuwa nimemweleza mara nne, lakini siku ile haikuwa ya kubishana.

Walipokwisha kuondoka, nilibaki na Mama Mbombo na lile pengo katikati ya sakafu nzuri kuliko zote za avenyu. Mnunuzi wangu wa pekee alikuwa amekwenda zake akicheka.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa unisaidie kurudisha mashine. Mawingu ile siipendi."

24 Machi

Ezéchiel amekuja kunyolewa. Mwishoni akasema, akijitazama kwenye kioo: "Tata, ungenyamaza, tungenunua."

"Najua."

Akaongeza kidogo juu ya bei ya kunyolewa. Nikakataa, akaacha pesa juu ya kiti.

27 Machi

Mvua. Huguette hakupiga, na mimi sikupiga.

Jumapili, 30 Machi

Stany ameleta watu wa Tenke: Kabeya, karani wa reli aliyehamishiwa huku, na mkewe Marlène, mwanamke mpana anayetembea ndani ya nyumba ya mtu kama mkaguzi. Nilitaka kuweka mkeka juu ya pengo. Mama Mbombo akaketi juu ya mkeka.

Marlène akafika ukingoni, akainama, akaangalia chini.

"Hii ni nini?"

Nikamweleza, kutoka mwanzo. Kisigino, sikio la bibi, pini, sururu. Kabeya alicheka. Marlène hakucheka. Alimgeukia Stany:

"Weye, juma yote ulituonesha nyumba ya simenti mupya. Simenti mupya, simenti mupya! Mi silale usiku. Na hii njo ya kwanza mi naona tumbo yake." Akanigeukia. "Ukuta iko na ufa."

"Iko na ufa, Mama."

"Manjanja imeoza."

"Imeoza. Muulize huyu."

Mama Mbombo akaeleza mabati kwa kirefu: lipi linavuja kwenye mvua ndogo, lipi linangoja kubwa, na upepo wa upande gani huleta nini. Miaka yote nilidhani ni malalamiko. Leo nimesikia kwamba hakuna mtu aliye hai anayeijua nyumba ya baba yangu kama yeye. Marlène akavuta kiti, akakaa karibu naye. Sisi wanaume tukatoka nje.

2 Aprili

Wamekubali. Nyumba kama ilivyo, ufa na pengo, na bei ya haki, chini ya ile ya Ezéchiel. Inatosha duka, hakuna kitakachobaki. Marlène ameomba jambo moja ambalo si la nyumba: yule mama wa mashine abaki kwenye chumba cha barabarani. "Nyumba ya mugeni bila mutu mwenye kuijua, nitaanzia wapi?"

Nikaenda kumwambia Mama Mbombo, nikidhani ninabeba habari. Walikuwa wamekwisha kupatana tangu Jumapili, hata mapazia yameshapimwa.

5 Aprili

Nimepanda juu ya nyumba na Josias, tumebadilisha mabati yaliyo juu ya mashine. Hakuna aliyeniomba. Kabeya ameniuliza mbona natengeneza nyumba ambayo si yangu tena. Nikamwambia nilikuwa nimechelewa. Nauli yangu sasa ni ya kukaa nyuma ya lori, siyo mbele.

8 Aprili

Tumetia sahihi kwa Tata Tshiamala. Ametaka kutoa hotuba, akaitoa. Mvua ilinyesha wakati wote wa hotuba. Nilipopita, Mama Mbombo alitoka mlangoni kwake na beseni, akalipindua mbele yangu kunionyesha ni kavu, akarudi ndani.

17 Aprili, Dilolo

Siku nne barabarani, mbili kati yake tumekwama kwenye tope, na mimi nimenyoa lori zima. Huguette alikuwa mlangoni pa duka. Hakukimbia, si tabia yake. Alifuta mikono kwenye kitenge, polepole, mpaka nilipofika.

Tulipokwisha kumlipa mwenye duka, siku tatu kabla ya Pasaka, akanionyesha yote. Duka ni zuri. Vyumba vya nyuma vimechakaa kuliko nilivyoambiwa kwenye simu: madirisha hayana vioo, mlango mmoja umevimba kwa unyevu, na darini kuna popo wa familia zaidi ya moja.

"Tuanze kutengeneza nini?" akauliza.

"Tukae kwanza," nikasema. "Nyumba itatuelezea."

Ndipo nikaona kwamba ndani kuna kiti kimoja tu. Nikamtazama.

"Ya pili nilingoja nione kama utafika," akasema, akatoka kwenda kwa jirani kuuliza ni wapi wanauza viti.